Bunduki Kwanza, Mtu Baadaye

Kawangware 56
Jumamosi, 1 Februari 2025

Kwako Baba Khamala,

Wanzala aliponiambia nikuandikie barua nilicheka. Siku hizi nani anakaa chini na kalamu? Lakini simu husikii, masikio yako yalimalizwa na milio ya miaka ishirini na sita jeshini, na ujumbe wa simu wewe unasema herufi zake ni za sisimizi. Nami siwezi kuja Laini Saba nikae mbele yako tuongee kama marafiki. Mimi ni mke wa mwanao, kwa mila yetu hata mkono hatupeani. Basi ni barua. Jael Adero, fundi cherehani ninayemwachia mtoto, anasali huko kwenu kila Jumapili na kila Jumatano ya maombi, na ndiye atakayezibeba.

Huku tuko salama. Wanzala bado anachomelea milango na madirisha nyuma ya stage ya matatu. Valentine ana miezi minane na meno mawili, na anayatumia.

Shida yangu ni bunduki. Hifadhi ya Olmeseri inatafuta walenga shabaha wawili wa kikosi cha kulinda mashamba ya watu dhidi ya nyati. Tuko wanne kwenye mafunzo. Kila asubuhi lori hutuchukua Dagoretti Corner hadi kiwanja cha shabaha kule juu Ngong, na jioni hutushusha palepale. Bunduki hubaki ghalani. Kila mmoja amepewa yake, ya kuwindia, mpya kabisa, yenye darubini juu. Mtihani ni tarehe 14 Machi: risasi tano kwa mita mia, na zote ziingie kwenye duara la ukubwa wa kisahani cha chai.

Zangu zingehitaji sinia. Nimekuwekea karatasi ya Alhamisi uone mwenyewe. Nalenga palepale kila mara, lakini kila risasi inakwenda kwake. Mwalimu wetu, Boaz, hana neno lingine ila "rudia".

Baba, nimeuza mitumba, nimefua nguo za watu Lavington, nimelinda geti la shule miaka miwili. Sijawahi kuitaka kazi kama ninavyoitaka hii. Nikianguka mtihani nafasi inapewa mwingine na sitaitwa tena. Wewe ulikuwa fundi wa silaha. Hivi bunduki mpya inaweza kukosa namna hii?

Ni mimi,
Nasipwondi, mke wa Wanzala

*

Laini Saba, Kibera
Jumanne, 4 Februari 2025

Mama Valentine,

Barua yako ilifika ikinuka mafuta ya cherehani. Huyo Jael wako alinikabidhi mbele ya kanisa zima kama mtu anayeleta hati ya korti, na mpaka sasa kuna waumini wanaoamini nimeshtakiwa.

Jibu ni ndiyo, inaweza. Watu hufikiri kitu kikiwa kipya kimekamilika. Kitu kipya ni kile ambacho ubovu wake haujaonekana bado.

Jeshini nilikuwa na kanuni yangu: bunduki kwanza, mtu baadaye. Askari akikosa shabaha, wakubwa hukimbilia kusema mkono wake ndio mbovu. Mimi nilikataa. Unakagua chuma, unakagua mbao, unakagua risasi, ukimaliza yote ndipo unamgeukia mwenye mkono. Kwa hiyo usikae ukijilaumu. Hatujafika kwako.

Anza hivi, jambo moja kwa siku moja, maana ukibadilisha mawili pamoja hutajua lipi limekusaidia. Kwanza skrubu zinazoshika darubini. Darubini ikicheza hata kidogo, unalenga mahali ambapo mtutu hauangalii. Kisha skrubu za chini, zinazofunga chuma kwenye mbao. Halafu chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Kinatakiwa kiteleze. Kikikwama, mbao inausukuma mtutu, na kila risasi itatoka na wazimu wake.

Usimwambie mwalimu kuna mzee Kibera anayekuelekeza. Mwombe bisibisi kwa adabu kana kwamba wazo ni lake. Na kuanzia sasa andika saa kando ya kila tundu kwenye karatasi.

Hiyo ya kwanza nimeibandika ukutani, juu ya cherehani ninazotengeneza. Mteja mmoja aliuliza kama ni ramani ya vyoo vya Kibera.

Khamala, Sajini mstaafu

*

Kawangware 56
Jumamosi, 8 Februari 2025

Baba,

Ningekuwa karibu ningepiga vigelegele, ila na wewe usingesikia.

Skrubu ya mbele ya darubini ilikuwa ikizunguka kwa ukucha. Boaz alipoiona aliikaza mwenyewe na kuwaambia wengine wakague zao, kana kwamba aliamka na wazo hilo. Karatasi nayo iliteleza nusu tu ikakwama. Mbao ilivimba kwa unyevu wa ghala. Aliisugua kwa msasa hadi karatasi ikapita kama barua mlangoni.

Siku iliyofuata risasi zangu za asubuhi ziliingia kwenye sahani. Ya ugali bado, si kisahani cha chai, lakini ni sahani. Austin, mmoja wetu, kijana wa mtaa wa Olympic anayejiona, aliniita "Mama Sniper" siku nzima.

Ila kuna jambo. Nimeandika saa kama ulivyosema, utaona. Asubuhi zinakaa pamoja. Kuanzia saa saba mchana zinaanza kutawanyika, na ikifika saa tisa ni sinia tena. Nyingi huenda chini kulia. Kila siku ni hivyo.

Wanzala anakusalimu. Anasema sasa mimi na wewe tunaongea kuliko yeye na wewe mlivyowahi kuongea.

Nasipwondi

*

Laini Saba
Jumanne, 11 Februari 2025

Mama Valentine,

Sasa tumemkamata. Ni joto.

Bunduki ya kuwindia ina mtutu mwembamba, ili mtu aweze kutembea nayo siku nzima. Ubaya wake ni kwamba hupata moto haraka, na ukipata moto hujipinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni lakini karatasi inaona. Asubuhi kuna baridi, mtutu umetulia. Mchana jua la Ngong linaupiga juu, risasi zinauchoma ndani. Ndiyo maana unaharibikiwa kuanzia saa saba.

Piga tatu, pumzika. Ifunike kwa kitambaa cheupe. Ushike mtutu kwa kiganja, na ukiweza kuhesabu hadi ishirini bila kuutoa mkono, endelea, usipoweza, ngoja. Pia usafishe kila jioni. Mtutu mpya huramba shaba ya risasi na kuibakiza ndani, basi sugua hadi kitambaa kitoke bila rangi ya kijani. Na uangalie maboksi ya risasi, yote yawe na namba ileile.

Jumapili nilisimama kanisani nikaomba tuuombee mtutu wa mkamwana wangu. Kwa jinsi midomo yake ilivyokwenda, nadhani mchungaji aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Lakini waliomba. Laini Saba nzima sasa inajua tarehe 14 Machi, na mama muuza mboga amekataa kunipa sukuma wiki mpaka nimwonyeshe namna ya kushika bunduki kwa mwiko.

Nilikuwa nimesahau ladha ya kazi hii. Nakushukuru.

Khamala

*

Kawangware 56
Jumamosi, 22 Februari 2025

Baba,

Samahani kwa ukimya wa wiki mbili. Tulikuwa na kazi nyingi.

Nimefanya yote. Nimepumzisha mtutu, nimeufunika, nimeusafisha hadi kitambaa kikatoka cheupe, risasi ni za boksi moja. Mchana bado ni vilevile. Labda bunduki hii ni mbovu tu tangu kiwandani. Sijui niseme nini zaidi.

Karatasi za wiki hii sikuweza kuzipata.

Nasipwondi

*

Laini Saba
Jumanne, 25 Februari 2025

Mama Valentine,

Barua yako ni fupi na imeniuma. Si wewe uliyeniandikia juu ya sahani ya ugali.

Lakini usivunjike moyo, mimi sijavunjika. Nimekaa siku mbili nikifikiri. Kama darubini imekazwa, mbao imesuguliwa, mtutu umepoa na kusafishwa, na risasi ni za namba moja, basi ubovu uko ndani ya chuma chenyewe, mahali ambapo huwezi kufika na bisibisi. Nimeona bunduki mbili kama hiyo maishani mwangu. Hakuna kuiponya. Inarudishwa.

Kwa hiyo nimeandika ripoti. Kurasa tatu, namba yangu ya jeshi juu, sahihi yangu chini. Nimesema wazi kwamba mlenga shabaha Nasipwondi hana kosa, kwamba silaha aliyopewa haifai, na kwamba kumpima nayo ni dhuluma. Irudishwe kwa muuzaji na wewe upewe nyingine kabla ya mtihani.

Jumatatu tarehe 3 nitapanda kule Ngong nimpe huyo Boaz mkononi. Viatu nimeshavipiga rangi. Nilisema asijue kuna mzee Kibera, lakini sasa ajue.

Khamala, Sajini mstaafu

*

Kawangware 56
Jumamosi, 1 Machi 2025

Mzee Khamala,

Ni mimi Jael. Leo sibebi barua ya mtu, nimeandika yangu. Mama Valentine hajui. Amesoma habari ya ripoti yako Jumatano, amelia siku mbili, na kalamu haishiki. Mumewe anajua kinachomliza, lakini ataanzaje kumwambia baba yake mambo ya mwili wa mke wake? Mimi ni Mjaluo, si mkwe wako, mdomo wangu haujafungwa na mila yenu. Kaa chini usome.

Usiende Jumatatu. Ukienda utaaibika wewe na utamwaibisha yeye.

Wiki ile Mama Valentine alipokaa kimya, Boaz aliichukua bunduki yake saa tisa mchana, saa ile mbaya, akampa Austin ajaribu. Austin alipiga tano. Zote zilikaa mahali ungefunika kwa kifuniko cha chupa ya maziwa. Kisha akamwambia mbele ya watu, "Hii chuma haina noma, Mama. Ni wewe unaiogopa." Hiyo ndiyo karatasi aliyosema hakuipata. Alishindwa kukuandikia kwa sababu wewe peke yako ulikuwa umesema kosa si lake.

Sasa la pili. Mtoto wa miezi minane ananyonya. Mamake anatoka saa kumi na moja alfajiri akiwa amemnyonyesha, anarudi saa kumi na mbili jioni. Umelea watoto sita, Mzee, hebu piga hesabu. Ikifika saa saba kifua kimejaa na kinauma kama jipu, na hapo ndipo kitako cha bunduki kinapopiga teke. Isitoshe bunduki ilitengenezewa mwanamume mrefu. Kitako hakimkai begani, kinateremka pale pale penye maumivu. Hata mimi ningejikunja kabla ya kufyatua. Nimeona alama zake nilipokuwa nampima blauzi, rangi ya zambarau mbivu.

Na kwenye fomu ya hifadhi, palipoulizwa kama ana mtoto anayenyonya, aliandika hana. Aliogopa wasimchukue. Ndiyo maana hata Boaz hawezi kumwambia.

Nimemaliza. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi. Mtoto ni mzima, amekojolea kitambaa cha suti ya mteja leo asubuhi.

Jael Adero

*

Laini Saba
Jumanne, 4 Machi 2025

Mama Valentine,

Jumatatu viatu vilibaki chini ya kitanda. Ripoti nimewashia jiko.

Kuna mtu ameniambia jambo. Sitamtaja mtu na sitalitaja jambo, wala wewe usilitaje, tutabaki tunaheshimiana kama kawaida. Ila nina kitu cha kukusimulia ambacho hata Wanzala hakijui.

Mwaka 1991 askari mmoja kijana alianguka mtihani wa shabaha mara tatu. Niliitazama bunduki yake kwa dakika kumi, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na nilitaka kwenda nyumbani. Nikaandika: silaha ni nzima, kosa ni la askari. Akavuliwa sare akarudishwa kwao. Miezi miwili baadaye niliifungua ile bunduki kwa kazi nyingine, nikakuta mbao imepasuka ndani, chini ya chuma, mahali ambapo mtu asiye na haraka angepaona. Sikusema. Sikumtafuta. Kanuni yangu ya bunduki kwanza, mtu baadaye, haikutoka kwenye kitabu chochote. Ilitoka hapo.

Kwa hiyo nilipokuamini, nadhani nilikuwa namwamini yeye, kwa kuchelewa. Na safari hii nimekosea upande wa pili. Niliikodolea macho bunduki hadi nikasahau kuna mtu nyuma yake. Uliniandikia saa ya kila tundu, nami nikasema ni jua. Fundi wa miaka ishirini na sita.

Sasa kazi. Mwambie Jael akupime kwa futi yake ya cherehani, mkono umekunjwa, kutoka ndani ya kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Kisha pima bunduki, kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Vipimo hivyo viwili vinatakiwa vikaribiane. Bunduki nyingi za kuwindia zina vipande vya kuongeza urefu nyuma ya kitako, vimefungwa kwa skrubu mbili, vinatoka. Vikitoka, kitako kitapanda chenyewe hadi chini ya mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, kinapotakiwa kukaa. Jael akushonee kijimto cha kuweka hapo.

Lakini ili kuvitoa lazima umwambie mwalimu kwa nini. Fomu ni ripoti, Mama Valentine. Mimi niliandika ripoti ya uongo kwa uvivu, na mtu mwingine ndiye aliyeumia. Usiibebe yako hadi tarehe 14. Najua naomba jambo kubwa, na najua unaweza kuikosa kazi kwa ajili yake.

Na siku ya mtihani, saa sita mchana, mjukuu wangu atakuwa kwenye lango la kiwanja. Nitamleta mimi.

Khamala

*

Kawangware 56
Jumamosi, 8 Machi 2025

Baba,

Nilisoma barua yako nikiwa nimejifunika leso kichwani, na hapakuwa na mtu nyumbani. Aibu ilinishika hivyo. Halafu nikaona nimekaa nayo saa nzima na sijafa.

Nisamehe kwa kukudanganya. Ulipoandika kwamba hatujafika kwangu, nilipumua kwa mara ya kwanza tangu mafunzo yaanze. Sikutaka tufike.

Alhamisi nilimwambia Boaz. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu, nikasema machache tu: kwamba nina mtoto anayenyonya, kwamba kwenye fomu nilidanganya, na kwamba bunduki ni ndefu kwangu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Hii sasa lazima iende ofisini. Mimi siwezi kuikalia." Akaenda na fomu, nami nikabaki nimeshika kijimto cha Jael kama mgeni aliyefika siku isiyo yake.

Jibu limekuja jana. Nitafanya mtihani. Ofisi itaamua juu ya fomu baada ya kuona karatasi yangu, na hakuna kupendelewa: saa zilichaguliwa kwa kura, nami nimeangukia saa nane mchana. Ungedhani waliniuliza saa ninayoiogopa.

Boaz ametoa vipande viwili kwenye kitako. Jael alinipima, tofauti ilikuwa karibu inchi mbili. Leo asubuhi nilipiga mara kumi na bega halikunilaumu. Mchana sijui, mchana nimejaribu mara moja tu na ilikuwa nusu nzuri nusu mbaya, kwa sababu ile ile usiyotaka itajwe.

Njoo na mtoto. Ila tutafanyaje, Baba? Mtoto hatuwezi kupokezana mkono kwa mkono, na pale langoni hakuna hata kichaka.

Nasipwondi

*

Kawangware 56, kwa Jael
Ijumaa, 14 Machi 2025, saa kumi na moja jioni

Mama Valentine,

Naandika hapa juu ya meza ya kukatia nguo, mtoto amelala kwenye kapu la vitambaa. Nataka niondoke kabla lori lenu halijafika Dagoretti Corner. Sababu nitaisema mwishoni.

Asubuhi Jael alinifunga mtoto kifuani kwa leso mbele ya soko zima. Kuna mwanamke wa nyanya alicheka hadi akakaa chini. Jeshini hatukufundishwa kubeba mzigo wa namna hii, unaokuvuta ndevu.

Uliona nilivyofanya pale langoni. Nilitandika leso kwenye majani, nikamweka, nikaenda hatua ishirini, nikageuka kutazama bonde. Kwa kuwa nisingesikia ukimaliza, nilishika waya wa ua. Ulipoutikisa nilijua nirudi. Nilimkuta ameshiba, macho mazito, na wewe umeshaondoka. Basi nikamfunga tena kifuani, vibaya, nikasimama.

Saa nane sikusikia kitu. Nimesimama karibu na bunduki maisha yangu yote, na leo nilikuwa nje ya ua bila hata mlio mmoja. Lakini mtoto alisikia. Alikuwa amelala kifuani kwangu, akashtuka. Nikahesabu moja. Akashtuka tena, mbili. Tatu na nne zilikuja kwa mwendo mzuri, hukuharakisha. Ya tano ilichelewa. Nilisubiri hadi nikadhani umeiweka chini bunduki ukaenda zako. Mama Valentine, nakwambia sijawahi kuomba kama nilivyoomba hapo, na sikuwa nikiomba kwa ajili ya shabaha. Niliomba tu uifyatue. Kisha mtoto akashtuka, akafungua macho, akanitazama, akalala tena.

Hivyo najua ulipiga tano. Zilikwenda wapi sijui. Ningeweza kusubiri lori nikakuona usoni nikajua, lakini nimesema nisisubiri. Nimezoea kusikia kwako kwa karatasi. Niandikie wewe.

Khamala

*

Kawangware 56
Jumamosi, 15 Machi 2025

Baba,

Karatasi iko ndani ya bahasha hii hii. Itoe kwanza uitazame, ndipo usome.

Umeona? Nne zimegusana. Ya tano iko pembeni kidogo lakini ndani ya duara, Boaz amepima mara tatu na akaandika jina lake. Ile ilichelewa kwa sababu nilipokigusa kifyatulio nilijihisi nataka kujikunja, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na maumivu. Nikatoa kidole. Nikapumua. Nikakumbuka hakuna kinachonisubiri pale begani isipokuwa bega. Ndipo nikapiga.

Austin alipata pia. Alikuja akanipa mkono akasema, "Mama, mimi niliongea vibaya. Kumbe ulikuwa unapiga na mzigo." Nilimpa mkono.

Ofisini walinikalisha karibu nusu saa. Mkubwa wao alisema uongo wa fomu umeandikwa kwenye faili langu na utakaa humo, na nikidanganya tena ninaondoka siku hiyo hiyo. Nikasema nimekubali, kwa sababu ni haki. Kisha akaniuliza mtoto anaitwa nani. Naanza kazi tarehe 1 Aprili. Kule Olmeseri kuna nyumba za wafanyakazi, na Valentine anakuja nami. Wanzala amesema hata nyati wanahitaji milango, atapata kazi.

Tulipotoka, Boaz alinisindikiza hadi kwenye lori. Aliniuliza yule mzee aliyesimama nje ya ua mchana wote, amefungwa leso, akiupa uwanja mgongo, ni nani. Nilisema ni baba yangu. Hakuuliza kama ni wa kunizaa au wa kuolewa, nami sikumweleza.

Mwanao,
Nasipwondi